Mtu wa Tatu ni Nani? Historia ya Istilahi za Bima ya Magari Binafsi kutoka Pwani hadi Bujumbura

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Dar es Salaam kupokea gari dogo lililotumika, lililoingia bandarini kutoka Japani. Kabla ya kuanza safari ya kurudi Bujumbura kupitia Kabanga na Kobero nilihitaji bima. Wakala aliyekuwa nyuma ya meza aliniuliza swali moja tu: "Kaka, unataka bima kubwa au bima ndogo?" Nilijibu kwa kujiamini kwamba gari langu ni dogo, hivyo bima ndogo itatosha. Alicheka kwa upole, akanieleza kwamba ukubwa unaozungumziwa si wa gari. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu katika isimu ya Kiswahili, nilikuwa nimeshindwa kuelewa maneno mawili ambayo kila dereva wa teksi jijini humo anayatumia.

Makala haya yamezaliwa na aibu hiyo ndogo. Yanachunguza namna istilahi za aina za bima ya magari binafsi zilivyoingia katika Kiswahili cha eneo letu, na zinaficha nini. Hoja yake kuu ni kwamba Afrika Mashariki imerithi mapokeo mawili ya kisheria, la Kiingereza na la Kibelgiji-Kifaransa, ambayo kila moja liliamua kwa namna yake nani alindwe na nani aachwe nje. Kiswahili kimeyafunika mapokeo hayo kwa maneno yanayofanana. Kwa hiyo msemaji wa Kigoma na msemaji wa Bujumbura wanaweza kutamka neno lilelile na kila mmoja akawa amelipia kitu tofauti. Tofauti hiyo hujulikana siku ya ajali.

Suala hili lilikuwa na uzito mdogo wakati Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na barabara tu. Limekuwa zito tangu Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokubali, Februari 2021, Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Mwaka huohuo Tanzania ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Nyaraka za bima zitatafsiriwa. Swali ni kama zitatafsiriwa na watu wanaojua kilicho ndani yake.

2. Bima, asiransi na polisi mbili

Neno bima si la Kibantu wala la Kiarabu. Lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, na jamaa zake ni bīmā la Kihindi na bīme la Kiajemi, ambalo huhusishwa na bīm, yaani hofu. Mfanyabiashara wa pwani alikuwa na haja ya neno hilo kabla gari la kwanza halijashushwa Mombasa, maana shehena za baharini ndizo zilizokuwa na hofu kubwa zaidi. Gari lilipofika lilikuta neno tayari.

Bara la magharibi halikupitia njia hiyo. Mjini Usumbura, jina la mji wetu hadi uhuru wa 1962, Kiswahili kilikuwa lugha ya mitaa ya Waswahili, hasa Buyenzi na Bwiza, lakini karatasi za gari ziliandikwa kwa Kifaransa. Ndiyo sababu hadi leo msikilizaji katika gereji za Buyenzi, ambako sehemu kubwa ya magari ya jiji hili hufunguliwa na kufungwa tena, husikia asiransi mara nyingi kuliko bima. Kinyarwanda, kwa upande wake, kimeunda ubwishingizi kutokana na kitenzi kwishingira, kumsimamia mtu kwa dhamana. Neno hilo linaeleza uhusiano wa watu wawili, ambapo bima inaeleza hofu ya mtu mmoja.

Kuna neno la tatu ambalo huwachanganya hata wasomi. Wakala wa Bujumbura huuita mkataba wa bima police, kama Kifaransa kinavyotaka. Masikioni mwa msemaji wa Kiswahili hiyo ni polisi, na kwa kuwa karatasi yenyewe hudaiwa na askari wa barabarani, wengi hudhani imepewa jina la askari. Asili ni mbili tofauti. Polisi wa barabarani wanarudi hadi polis la Kigiriki, mji. Polisi ya bima inatoka polizza la Kiitaliano, ambalo asili yake ni apodeixis, uthibitisho. Ningeliacha jambo hili lipite kama mzaha wa lugha, ila lina matokeo. Anayeamini kwamba karatasi ni ya askari huinunua kwa ajili ya askari. Hununua iliyo rahisi kuliko zote, huibandika au kuitia mkobani, na haisomi. Tanzania ina hali hiyohiyo kwa neno jingine: watu hukata stika.

3. Ngazi na kapu

Katika mapokeo ya Kiingereza, bima ya gari binafsi hupangwa kama ngazi. Daraja la chini ni bima inayolipa madhara ambayo gari lako limewafanyia watu wengine: kifo, majeraha, na kwa mikataba mingi pia uharibifu wa mali yao. Daraja la kati linaongeza moto na wizi wa gari lako mwenyewe. Daraja la juu linaongeza uharibifu wa gari lako katika ajali, hata pale ambapo kosa ni lako. Mswahili wa Tanzania alitazama ngazi hii akaipa majina yanayoifaa: ndogo na kubwa. Daraja la kati halikupata jina la mtaani, na sidhani kwamba ni bahati mbaya. Anayeweza kulipia zaidi ya ndogo kwa kawaida huambiwa aende moja kwa moja kwenye kubwa.

Katika mapokeo tuliyoyapata sisi, mkataba ni kapu. Ndani ya kapu kuna vitu vinavyoitwa garanties, na kila kimoja kina bei yake: dhima ya kiraia, ambayo ni ya lazima, uharibifu wa gari, wizi, moto, kuvunjika kwa vioo, ajali za watu waliobebwa, utetezi mahakamani na kudai haki kwa mwingine. Mteja huchagua. Jina tous risques hupewa kapu lililojaa vya kutosha.

Mfasiri anayekutana na garantie kwa mara ya kwanza huandika dhamana, kwa kuwa kamusi inamruhusu. Tatizo ni kwamba kwa msomaji wa Tanzania au Kenya dhamana ni kitu anachowekewa mshtakiwa ili atoke rumande, au mali anayoiweka mkopaji benki. Nimeona rasimu ya tafsiri iliyosema kwamba mteja "anapewa dhamana ya wizi". Mhariri kutoka Arusha aliuliza kwenye pambizo kama mteja huyo ameshtakiwa.

4. Mtu wa tatu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mkataba wa bima una pande mbili: mwenye bima na kampuni. Anayeumia bila kuwa katika pande hizo ni wa tatu, na kwa Kifaransa huitwa tiers. Kiswahili kimetafsiri kwa uaminifu: mtu wa tatu. Lakini hesabu hiyo ni ya mwanasheria. Raia anahesabu watu waliomo garini au waliopo barabarani. Nimewahi kuelezwa na kijana mwenye akili timamu kwamba bima ya mtu wa tatu hulipa abiria wa tatu, na kwamba wawili wa kwanza hujitegemea.

Kosa lake linachekesha, lakini historia ya sheria inaonyesha kwamba swali lake, yaani abiria yumo au hayumo, halikuwa la kijinga hata kidogo.

Uingereza iliifanya bima hii kuwa ya lazima kwa Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya 1930. Sheria hiyo ilidai kila anayetumia gari barabarani awe na bima ya kulipa kifo au majeraha ya watu wengine, lakini ilitoa msamaha muhimu: haikuwa lazima kuwakatia bima abiria waliomo ndani ya gari, isipokuwa wale waliolipa nauli au waliosafirishwa kwa sababu ya ajira. Rafiki uliyempa lifti hakuwamo. Waingereza waliufuta msamaha huo kwa sheria ya 1971, miaka arobaini na mmoja baadaye. Lakini kufikia wakati huo sheria mama ilikuwa imekwishazaa. Kenya ilitunga yake mwaka 1945, ile ambayo leo ni Sura ya 405, na maneno ya msamaha wa abiria wa bure yalinakiliwa humo karibu neno kwa neno, yakabaki miongo mingi baada ya uhuru. London ilibadili maoni yake. Nakala haikupewa taarifa.

Tufikirie maana yake katika jamii yetu. Gari binafsi katika Afrika Mashariki haliendi tupu. Humo hukaa mjomba anayepelekwa hospitali, mtoto wa jirani anayekwenda shule, wanakwaya wanne wanaokwenda msibani. Hawa wote ni abiria wa bure. Sheria iliyoandikwa kwa kufikiria barabara za Uingereza za miaka ya 1930 iliwaacha nje kundi ambalo kwetu ndilo wengi wa waliomo garini, na ikaziacha kampuni ziamue kama zitawauzia ulinzi huo kwa hiari.

Ubelgiji ilichelewa zaidi. Bima ya lazima ya magari iliwekwa huko kwa sheria ya tarehe 1 Julai 1956, na Ufaransa ikafuata kwa sheria ya Februari 1958. Sheria za Ubelgiji hazikutumika moja kwa moja katika Ruanda-Urundi, kwa kuwa makoloni na maeneo ya udhamini yalikuwa na utaratibu wake wa kutunga sheria. Hata hivyo mifano ya mikataba, msamiati na namna ya kufikiri vilivuka pamoja na mawakala, vikabaki baada ya 1962, na ndivyo vilivyokuwapo wakati shirika letu la bima, SOCABU, lilipoanzishwa mwaka 1977. Sheria ile ya 1956 nayo iliruhusu watu fulani waachwe nje. Haikuwa rafiki aliyepewa lifti. Ilikuwa familia: mwenzi wa ndoa wa mwenye dhima, na ndugu wa damu au wa ndoa katika mstari wa moja kwa moja wanaoishi chini ya paa lake na kutunzwa na mfuko wake. Hofu ya mtungasheria ilikuwa kwamba mume na mke wangekula njama dhidi ya kampuni. Ubelgiji nayo ilikuja kubadili utaratibu huo kwa sheria mpya ya Novemba 1989.

Kwa hiyo mapokeo mawili yalimkata mtu wa tatu kwa visu viwili. Kisu cha Kiingereza kilimwondoa asiyelipa nauli, awe ndugu au mgeni. Kisu cha Kibelgiji kilimwondoa ndugu wa nyumbani, na kikamwacha rafiki. Mama anayesafiri katika gari la mwanawe aliyemtunza alikuwa nje kwa visu vyote viwili. Istilahi mtu wa tatu haimwambii mama huyo lolote.

Sheria zimeendelea kubadilika. Burundi ilipata Kanuni ya Bima mwaka 2014 na ina mamlaka yake ya usimamizi, ARCA. (Kongo nayo, baada ya sheria ya 2015 iliyovunja ukiritimba wa SONAS, imepata mamlaka yenye herufi zilezile, ARCA; atakayeandika kamusi ya vifupisho vya eneo hili na awe mwangalifu.) Tanzania ilipitia ukiritimba wa Shirika la Bima la Taifa tangu 1967, ikafungua soko kwa sheria ya 1996, na ikaunda mamlaka ya TIRA kwa sheria ya 2009. Kenya imeweka ukomo wa shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja chini ya Sura ya 405. Katika mabadiliko yote hayo istilahi imebaki ileile, na inaendelea kutoa hisia ya jambo moja lisilobadilika.

5. Kubwa na zote

Upande wa juu wa ngazi una udanganyifu wa namna nyingine. Tous risques maana yake ya juu ni hatari zote. Kubwa haidai zote, na kwa hilo naiona kuwa neno la kweli zaidi. Kitu kinaweza kuwa kikubwa na bado kikawa na mwisho. Tafsiri ya "bima ya hatari zote", ambayo nimeikuta zaidi ya mara moja katika nyaraka za upande wetu, haina kisingizio hicho.

Mikataba mingi ya aina hii, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, huacha nje vita, uasi na machafuko ya kiraia. Mkazi wa Bujumbura aliyekuwa hapa mwaka 1993 au 2015 hahitaji kuelezwa kwa nini kipengele hicho si mapambo. Mafuriko na majanga mengine ya asili hutegemea mkataba: katika mingine yamo, katika mingine huongezwa kwa malipo ya ziada. Mwaka 2020 maji ya Rusizi yalipofunika Gatumba, kilometa chache magharibi ya jiji hili, neno zote lilikuwa na thamani ileile iliyokuwa nayo kwenye karatasi, yaani ile iliyoandikwa kwa herufi ndogo kurasa za nyuma. Dereva mlevi, dereva asiye na leseni, na gari binafsi lililokuwa likibeba abiria wa kulipa siku ya ajali huwa nje karibu kila mahali.

Kisha kuna franchise: kiasi cha hasara ambacho mwenye gari hukibeba mwenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa. Kiswahili sanifu hakijakubaliana juu yake. Tanzania hutumia neno la Kiingereza, Bujumbura la Kifaransa, na katika pande zote mbili ni neno ambalo mteja hulisikia kwa mara ya kwanza wakati gari liko tayari gereji.

6. Kadi ya Njano na mpaka wa maana

Ulaya ilianza kuunganisha bima za mipakani kwa Kadi ya Kijani iliyotokana na pendekezo la Umoja wa Mataifa la mwaka 1949. Kwetu, nchi za Eneo la Biashara ya Upendeleo zilitia saini itifaki ya Kadi ya Njano mwaka 1986, nayo ikaanza kazi mwaka uliofuata. Eneo hilo baadaye likawa COMESA. Burundi imo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki katika mpango wa kadi, uamuzi wa busara kwa nchi yenye bandari ambayo majirani wengi huitegemea.

Kadi hiyo hulipa dhima kwa watu wengine kwa mujibu wa sheria ya nchi ambako ajali imetokea, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Haitengenezi gari lako. Mwenye bima kubwa anayevuka mpaka akiwa na kadi mkononi anaweza kudhani kwamba ukubwa wa bima yake umevuka naye. Uharibifu wa gari lake hutegemea mipaka ya kijiografia iliyoandikwa katika mkataba wa nyumbani. Na kwa kuwa sheria inayotumika ni ya mwenyeji, mtu wa tatu hubadilika kisheria katika hatua zile chache kati ya Kobero na Kabanga, palepale ambapo dereva anahama kutoka upande wa kulia wa barabara kwenda wa kushoto. Kuhama huko kwa upande kuna alama kubwa barabarani.

Rangi nazo zina hila zake. Afrika ya Kati, nchi za CEMAC, zina kadi ya bima ya mpakani inayoitwa carte rose. Nchini Burundi carte rose ni hati ya usajili wa gari. Mtafsiri atakayeandika "kadi ya waridi" bila kueleza atakuwa amewapa wasomaji wawili vitu viwili.

7. Kuelekea istilahi inayotumika

Sipendekezi kubwa na ndogo zifutwe. Ni maneno hai, mafupi, na mtaa hautatusubiri sisi. Ninachopendekeza ni kwamba yasiingie katika hati bila kusindikizwa. Kwa tafsiri rasmi za Jumuiya, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kule Zanzibar, BAKITA, BAKIZA na wataalamu wa Burundi na Kongo wangeweza kuanzia hapa: bima ya dhima kwa wengine, badala ya mtu wa tatu, ili kuondoa hesabu inayopotosha, bima ya gari lenyewe kwa uharibifu, na wizi, moto na vioo vitajwe kila kimoja kwa jina, bima ya dereva na abiria kama kitu cha peke yake, kinga, si dhamana, kwa garantie, na fungu la mwenye bima kwa franchise. Neno zote lisitumike popote.

Mapendekezo haya niliyasoma kwa sauti katika gereji moja ya Buyenzi, mbele ya mafundi watatu na mteja mmoja aliyekuwa akisubiri breki. Kinga ilipita bila swali. Fungu la mwenye bima lilipendwa, maana wote walijua ni nani hulibeba. Tulipofika kwenye dhima kwa wengine, fundi mkubwa wa pale aliweka spana chini akauliza: "Mwalimu, na mke wangu akiwa garini, naye ni mwingine?"

Nilimjibu kwamba Ubelgiji ya 1956 iliruhusu kampuni kusema hapana, kwamba Uingereza ya 1930 ingemuuliza kwanza kama mkewe amelipa nauli, na kwamba jibu lake yeye limo katika mkataba wake. Alikwenda kuutoa kwenye gari. Ulikuwa wa kurasa kumi na mbili kwa Kifaransa, na orodha ya wasiolipwa ilianzia ukurasa wa saba. Orodha hiyo, kwa Kiswahili, ikitaja mke, mume, mtoto, mzazi, mfanyakazi na rafiki aliyepewa lifti, ingeenea kwenye nusu ya ukurasa wa kwanza.